Waliopimwa Mwisho

Rugaibula alikuwa anapima kibanda cha redio kwa hatua. Alianzia mlangoni, akatupa miguu yake mirefu mpaka ukuta wa nyuma, akageuka akapima na upana, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali rozari. Kokwijuka, mjane wa kaka yake, alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi na pasi ya kulehemu mkononi, redio ya mteja imepasuliwa tumbo mbele yake. Hakumkatiza. Mtu akianza kupima nyumba ya mwenzake, mwache amalize ujue anataka kiasi gani.

"Nane kwa tano," Rugaibula alisema. "Meza nne za wanywaji zinaenea. Mapipa ya rubisi yatakaa pale."

"Pale nilipokaa mimi."

"Shemeji, usinitafute maneno. Ile karatasi sikuiandika mimi."

Kweli hakuiandika. Aliisoma tu, tena kabla ya mwenyewe. Wiki mbili zilizopita ukoo ulikuwa umempeleka Kokwijuka hospitali ya misheni kule Muleba akapimwe damu, Rugaibula akiwa msindikizaji. Katika mwaka ule wa tisini ukoo wao haukukubali tena kumrithisha mjane bila kujua marehemu alimwachia nini mwilini. Karatasi ingesema ni mzima, Rugaibula angemrithi yeye na kibanda chake. Karatasi ilisema anao, basi Rugaibula akaridhika na kibanda peke yake. Ilipofika jioni Nshambya yote ilishajua kwamba Juliana, kama watu walivyouita ugonjwa ule, amehamia kwa mjane wa Gamaliel.

"Jumapili ya tatu kuanzia hii tunakaa," Rugaibula aliendelea. "Mzee Ndyamukama ameshasema. Mtu wa kufa hashiki mali ya ukoo. Utarudi kwenu Nyanga na binti yako, upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Rugaibula alicheka kidogo, akatoka, akajipangusa viganja kwenye suruali ingawa hakuwa amegusa kitu.

Kokwijuka alikuwa ameanza kuzizoea dharau za namna hiyo, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Mama mkwe wake, Kokushubila, alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja na kukitenga juu ya dirisha, bila neno. Mteja mmoja alikuja kuchukua redio yake kabla haijatengenezwa, akaibeba kwa jani la mgomba kama mtu anayeokota nyoka. Hata binti yake Theopista, mwenye miaka tisa, alirudi kutoka shuleni akasema amehamishiwa dawati la nyuma, peke yake.

Aliishika tena ile redio. Ilikuwa inapiga mluzi, na mluzi ulikuwa unapanda kadiri redio inavyopata moto. Kokwijuka alisikiliza, na ghafla pasi ya kulehemu ikabaki hewani. Alikumbuka dirisha la maabara kule Muleba. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni siku ile, na kupitia kioo aliiona mashine ikisoma kijichupa chake: tarakimu nyekundu, zikipanda moja moja kama mtu anayepanda ngazi, mpaka yule bwana wa maabara alipochoka kungoja akaandika.

"Mtu haugui zaidi kati ya kufumba jicho na kufumbua," alijisemea. Alizima pasi, akafunga kibanda, akaenda kutafuta pikapu ya Muleba.

*

Bwana Ishengoma wa maabara alikuwa mwembamba, nadhifu, na amechoka. Alimsikiliza kwa adabu ya mtu ambaye ameshasikia hayo mara nyingi.

"Mama, kila anayepata karatasi mbaya husema mashine imekosea. Hakuna aliyewahi kupata karatasi nzuri akaja kuilalamikia."

"Sikuja uniambie mimi ni mzima. Nimekuja kukuomba upime maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Jaza vijichupa kumi na viwili. Soma cha kwanza sasa, halafu kimoja kila baada ya robo saa. Ikikaa kwenye sifuri nitaondoka na hutaniona tena."

Ishengoma alitazama saa. Jenereta ilikuwa inawashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa saba, na siku ile hakukuwa na wapimwaji. Labda alikubali kwa huruma, labda kwa kutaka kumnyamazisha. Alirekebisha mashine kwenye sifuri kama afanyavyo kila asubuhi, mara moja tu, akaanza. Mpaka wa ugonjwa, alimweleza, ni nukta tatu tano: chini ya hapo mtu ni mzima, juu yake anao.

Maji ya kwanza yalisoma nukta sifuri mbili. Baada ya saa moja yalisoma nukta moja tisa. Ishengoma alifuta miwani. Baada ya saa mbili, jenereta ikiunguruma nyuma ya ukuta na joto la mashine likisikika kwa kiganja, namba ilipanda huku wote wawili wanaitazama, ikafika nukta nne moja.

"Maji ya bomba yana Ukimwi," alisema Kokwijuka.

Ishengoma hakucheka. "Lakini nina vijichupa viwili vya kulinganishia, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha mzima. Kila siku vinasoma sawasawa."

"Unavisoma lini?"

"Mwanzo," alisema, na sauti yake ikaishia hapohapo.

Alimruhusu afungue mfuniko. Ndani kulikuwa na taa ndogo, jicho la kupokea mwanga, na kibao cha kijani kilichojaa vidude. Kokwijuka aliinama kukitazama. Katikati ya kibao palikuwa na kidude cheusi cha miguu minane, na miguu ile ilikuwa imelehemiwa kwa vitone vidogo vya mviringo, kila kimoja kimevutwa upande wa kulia. Hakuna fundi mwingine Bukoba aliyekuwa akivuta risasi ya kulehemia hivyo. Ilikuwa ni kazi ya mkono wake mwenyewe.

Mwaka uliopita dereva mmoja alileta Nshambya kibao kitupu, kimefungwa kwenye gazeti, akasema tu ni cha hospitali. Gamaliel alikuwa hai, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kufa. Huyo Gamaliel aliyejifunza redio jeshini, wakati wa vita vya Kagera, aliyezifufua redio za kikosi kwa waya wa baiskeli, alikuwa anakaa pembeni ya benchi na kusema, "Pima mguu wa tatu. Sasa wa sita," na Kokwijuka ndiye aliyekuwa akipima, akikata, akilehemu. Hawakumwambia mtu. Watu hawapeleki redio kwa kipofu. Kidude cha kibao kile kilikuwa kimeungua, na hawakuwa nacho cha aina yake. "Kina miguu mingapi?" Gamaliel aliuliza. Minane. "Tuna cha redio chenye minane. Weka." Kilipowekwa, namba ikawa haikai sifuri, naye akamwambia azungushe skrubu mpaka ikae. Ikakaa. Wakafurahi kama watoto.

"Tulikosea," Kokwijuka alisema. "Mimi na mume wangu. Hii ni kazi yangu."

Ishengoma alimtazama kama amesikia vibaya. Kokwijuka akamweleza, kwa sababu alistahili maelezo. Kidude cha asili hakinywi kitu mlangoni: umeme wote unaotoka kwenye lile jicho kinaupokea na kuupima. Hiki cha redio kina kiu ndogo, kinakunywa kidogo kabla ya kupima. Kwenye redio hakuna anayegundua. Lakini mwanga unaopita kwenye kijichupa unatoa umeme mdogo mno, na hiki kinakunywa sehemu yake, mashine ikadhani damu ndiyo iliyozuia mwanga, na namba ikapanda. Ile skrubu iliificha kiu ya asubuhi tu. Kidude kikishapata moto, kiu inabadilika, na skrubu haijui.

"Kila kidude lazima kwanza ukikalishe mahali pake, ndipo ukipe kazi," alisema. "Sisi tulikikalisha upande, tukakifunga kamba kisianguke."

Ishengoma alitoa daftari kubwa la vipimo, akalifungua, na safari hii alilisoma kama ambavyo hakuwahi kulisoma. Kila ukurasa ulikuwa siku moja. Alama nyekundu za walioandikiwa kuwa nao zilitawanyika juu, mbili hapa, moja pale. Chini ya kila ukurasa zilikuwa zimesongamana.

"Waliopimwa mwisho," alisema. Akafunua, akafunua, kidole kikasimama. "Huyu alikuwa mwalimu. Wa mwisho siku ile. Mwezi wa sita alijitupa ziwani."

Kokwijuka alikaa chini, sakafuni. Yako mambo ambayo mtu hawezi kufarijiwa, na hilo lilikuwa mojawapo. Hakulia hapo. Alikaa akitazama viganja vyake, vimejaa makovu madogo ya risasi ya moto, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi aliviona viganja vile vibaya.

"Tusikilizane, mama," Ishengoma alisema baadaye, akishusha sauti. "Damu za wote niliowaandikia kuwa nao ninazo kwenye friji, arobaini na moja. Itengeneze mashine, nizipime tena taratibu, niwaite mmoja mmoja. Hakuna haja ya kusema nani alikosea. Mimi nina kazi yangu, wewe una jina lako. Ukitangaza, nani atakuletea redio?"

"Asiyeleta asilete. Nitalima." Aliinuka, akapangusa gauni. "Utamwambia daktari mkuu, na mimi nitakuwepo unapomwambia. Watu hao wote wataitwa, na wataambiwa ni mashine, na aliyeiharibu ni nani. Huyo mwalimu ana mama?"

"Anaye."

"Basi nami nitamwendea mama yake. Lakini kwanza nipe siku nne."

*

Kidude cha kweli hakikuwepo kwenye kibanda chochote cha redio, alijua. Vidude vya aina ile vilikuwa kwenye vyombo vya kupimia tu. Siku nzima aliwaza ni chombo gani cha kupimia kiliwahi kufika Bukoba, na jibu likawa linanuka kahawa.

Damayanti alikuwa mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini. Baba mkwe wake, mzee Thakorbhai, aliwahi kununua kahawa enzi zile, na sasa alikuwa anakaa nyuma ya duka la vitambaa akisikiliza redio ya mawimbi mafupi ambayo ilikuwa inasikia inapotaka.

"Kipima unyevu wa kahawa?" Damayanti aliinua nyusi. "Kiko. Kimekufa tangu mwaka wa themanini na tano. Unataka kukifufua? Kahawa yenyewe nani ananunua?"

"Nataka kukichinja. Nataka kiungo kimoja tu."

"Wewe ndiye yule mjane wa Nshambya," Damayanti alisema. Hakuuliza. Alimwangalia kidogo, kisha akamwita mtu wa jikoni alete chai vikombe viwili, vilevile vya maua. "Wakati mume wangu alipoondoka kwenda Leicester wakasema duka litakufa. Walikuja kupima rafu zangu kwa futi. Kwa futi, dada! Kunywa chai."

Kokwijuka aliinywa chai mpaka tone la mwisho, kwa sababu kwa wiki mbili hakuna aliyempa kikombe bila kukitazama.

Walikifungua kile kipimo pale kaunta. Kidude kilikuwemo, cheusi, miguu minane, na maandishi yake yalikuwa ya ukoo uleule wa kile kilichoungua. Damayanti alinyoosha kidole kukigusa.

"Hapana, mama! Hiyo sari yako ya nailoni ina umeme. Kidude hiki ukikigusa umevaa nailoni kinakufa, wala hakitoi moshi ukajua."

"Loo! Kina madeko kuliko wifi yangu."

Kokwijuka alivua viatu, akasimama pekupeku kwenye sementi, akashika bomba la maji kwanza ili umeme wa mwilini umtoke, ndipo akakitoa. Alikifunga kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, miguu yote minane ikigusana na karatasi, kama Gamaliel alivyomfundisha. Malipo yalikuwa redio ya mzee Thakorbhai, naye aliimaliza palepale mchana ule.

*

Daktari mkuu aliambiwa, wote wawili wakiwa wamesimama mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yale machache aliyatumia yote kwa ukali, kwanza kwa Ishengoma, kisha kwa Kokwijuka. Kokwijuka aliyapokea. Daktari alipomaliza, Kokwijuka alisema, "Ni sawa, daktari. Sasa naomba spiriti na pamba."

Alisafisha kibao kwa spiriti mpaka kikang'aa, kwa maana mafuta ya kulehemia nayo hupitisha umeme kidogo, na kidogo ndicho kilichokuwa adui. Alilehemu kidude kipya. Akaiondoa ile skrubu kwenye uongo wake wa mwaka mzima, akairudisha katikati. Jenereta ikawashwa, na tarakimu zikawaka, na mara zikaanza kutetemeka, nukta sifuri mbili, nukta tisa, sifuri, nukta tano, hazishikiki.

"Imekuwa mbaya zaidi," Ishengoma alisema, na uso wake ukapauka.

"Ngoja. Haijatulia tu." Aliweka sikio karibu kana kwamba ingemnong'oneza. Kidude kile kilikuwa amplifaya, cha kukuza umeme, na amplifaya yoyote hujisikiliza yenyewe ili ijirekebishe, na ikijisikiliza kwa kuchelewa huanza kubishana na nafsi yake. Hiki kipya kilikuwa chepesi kuliko cha redio, na kapasita ndogo ya kukituliza, ile inayotunza umeme kidogo, yeye na Gamaliel waliitupa mwaka uliopita kwa kudhani haina kazi. Kapasita ndogo namna ile hakuwa nayo. Alikata nyaya mbili fupi zenye ganda, akazisokota pamoja kama mama anavyosokota nywele za mtoto, akazilehemu pale ilipotakiwa kapasita, zifanye kazi yake. Tarakimu zikapunguza kutetemeka. Nyaya zilikuwa ndefu kidogo. Alikata ncha kwa mkasi, urefu wa ukucha mmoja. Akakata tena. Tarakimu zikasimama.

Sifuri. Walijaza maji. Saa nne na nusu, sifuri. Saa sita, sifuri. Saa saba kasoro, mashine ikiwa ya moto kama sufuria ya uji, namba ilikuwa nukta sifuri moja, na ikakaa hapo.

Damu zilisomwa siku mbili mfululizo, na safari hii vijichupa vya kulinganishia vilisomwa mwanzo, katikati na mwisho. Kati ya wale arobaini na mmoja, kumi na saba walikuwa wazima, na mmoja wao ni yule mwalimu. Ishirini na wanne waliobaki walikuwa nao kweli, na kwao mashine iliyotulia haikubadilisha neno. Kokwijuka alikuwa katika wale kumi na saba. Ishengoma alimpa karatasi kwa mikono miwili. Kokwijuka aliisoma, akaikunja, na ndipo akalia, kwa sauti, mbele ya wauguzi, akimlilia mwalimu ambaye hakuwahi kumwona.

Kabla ya kurudi Nshambya alipita kwa mama wa mwalimu. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Kokwijuka alikaa kizingitini mpaka jua lilipoelekea magharibi. Mlango haukufunguliwa. Aliona anastahili hivyo, akaondoka.

*

Jumapili ya kikao Rugaibula alikuja na shati jipya na vibuyu viwili vya rubisi. Alikuwa amenyoa ndevu. Wazee walikaa kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sebuleni kwa Kokushubila, kahawa ya kutafuna ikapitishwa, na Mzee Ndyamukama, mkubwa wa ukoo, akakohoa.

"Mkamwana, tumesikia habari njema. Ni kweli karatasi imegeuka?"

"Shikamoo, mzee. Karatasi haikugeuka. Ilikuwa ya uongo, sasa ni ya kweli. Mimi ni mzima."

"Mukama asifiwe! Basi mila inaendelea pale ilipokwama. Rugaibula atakuchukua wewe, mtoto na kibanda. Utafunikwa, mwanamke hawezi kukaa bila paa."

"Paa ninalo. Sirithiwi."

Wazee waliguna. Rugaibula aliruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Mnamsikia? Mwulizeni ni nani aliyeiharibu hiyo mashine! Amekiri mwenyewe hospitalini, watu kumi na saba wamepewa kifo cha uongo kwa mkono wake, na mmoja amekufa maji! Tena anamchafua marehemu, anasema eti kaka yangu alikuwa kipofu. Gamaliel! Fundi aliyekuwa anaitwa mpaka Biharamulo!"

"Yote ni kweli," Kokwijuka alisema. "Mkono ulikuwa wangu, na kosa hilo nitalibeba mpaka kaburini. Na alikuwa kipofu, miezi kumi na mmoja. Redio zote mlizosifu miezi ile nilizitengeneza mimi, yeye akisema. Hata yako, Rugaibula, ile unayoringa nayo kwenye kilabu. Afadhali kufa macho kuliko kufa moyo. Moyo wake haukufa mpaka siku ya mwisho, na yale yaliyokuwa kichwani mwake yako hapa." Alijigusa paji la uso. "Hayarithiwi kwa kugawana meza."

"Uongo mtupu!" Rugaibula alisema. "Mama, mwambie!"

Kokushubila alikuwa amekaa karibu na mlango, mkongojo magotini. Hakumtazama mtu. "Nilijua," alisema. "Alikuwa akinipapasa uso kwa vidole anijue ni mimi. Mwanzo nilidhani ni upendo tu, kisha nikajua ni yote mawili. Mawe," alilia kwa Kihaya, "mwanangu!"

Kokwijuka aliwageukia wazee.

"Wazee wangu, mlinipeleka Muleba mkitaka kujua nina nini kabla hamjanigawa. Sikukataa. Sasa na mimi nataka kujua. Shemeji alimzika mkewe mwezi wa nne. Kabla ya hapo alikaa kisiwani Goziba misimu mitatu kwenye uvuvi wa samaki, na sote tunajua kambi zile. Alhamisi ni siku ya kupima. Nitamsindikiza mimi mwenyewe, kama alivyonisindikiza."

"Mimi?" Rugaibula alisema. "Mimi ni mwanamume wa ukoo huu!"

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," mzee mmoja alinong'ona, na mwingine akaficha kicheko kwenye kibuyu.

Ndyamukama alitafuna kahawa yake polepole. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezika sana mwaka ule, na kichwa chake kilikuwa kimezoea kugawa vilivyobaki. "Na akikutwa mzima, mkamwana? Utamkubali?"

"Akikutwa mzima nitafurahi kama shemeji yake, nitampikia matoke. Kibanda ni changu. Ningekutwa nao kibanda kingekuwa changu vilevile, na ningelehemu mpaka mkono uchoke. Sikuja na karatasi hii kukiombea."

"Ukoo haujawahi kusikia maneno kama haya."

"Basi leo umesikia, mzee. Kaeni mnavyotaka, hata mwezi mzima. Mkinihitaji nipo kwenye benchi."

Akapiga goti kwa heshima kama ilivyotakiwa, akatoka. Nyuma yake sauti zilianza kugongana, na alizisikia mpaka aliposukuma mlango wa kibanda. Mle ndani kulikuwa na redio mbili tu za kutengeneza. Wiki iliyopita zilikuwa tano, na waliozichukua walisema wazi kwamba hawaachi chombo kwa mtu aliyeharibu mashine ya hospitali. Alikaa, akaivuta ya kwanza.

*

Alhamisi saa moja asubuhi alisimama nje ya nyumba ya Rugaibula. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

"Shemeji! Hodi! Gari linaondoka saa moja na nusu."

Majirani wawili waliokuwa wakichuma kahawa ng'ambo ya ua waliinua vichwa. Kokwijuka alibisha tena, kwa nguvu zaidi, na hakuipunguza sauti. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: kwa matusi, kwa mlango kubaki umefungwa, hata kwa fimbo. Aliyapanga maneno yake njia nzima, na yalikuwa makali.

Mlango ulifunguliwa. Rugaibula alikuwa amevaa lile shati jipya, vifungo vimepishana, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakulala. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake kwa uangalifu. Alitazama majirani, kisha chini, kisha akamsogelea Kokwijuka, karibu kuliko alivyowahi kumsogelea tangu karatasi ya kwanza.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo mashine. Una hakika imetulia?"

Maneno yote makali aliyoyaandaa Kokwijuka yalimwishia mdomoni. Alimtazama yule mwanamume aliyetaka kuweka mapipa kwenye kiti chake, akaona hofu aliyoijua, hofu ya kwenye foleni.

"Imetulia," alisema. "Nimeitengeneza mwenyewe. Funga vifungo vyako vizuri, twende. Ukifika Muleba usihofu kuwa wa mwisho wala wa kwanza. Popote utakapokaa kwenye foleni, namba itakayotoka ni yako."

Rugaibula alifungua vifungo, akavifunga upya, na wakashuka barabarani, yeye akitangulia hatua moja, Kokwijuka nyuma yake.